Sentensi Niliyoidondosha

Ukilala kitanda kimoja na mdogo wangu, na mvua isiwe inapiga bati, utausikia moyo wake. Si ule mdundo wa kawaida unaousikia ukiweka sikio kifuani mwa mtu. Ni mlio mdogo, mkavu, kama wa saa ya mkononi iliyosahauliwa chini ya mto. Akikasirika unakwenda mbio. Siku ya mtihani wa taifa wa kidato cha nne msimamizi alisimama nyuma yake akauliza ni nani mwenye saa inayolia. Mdogo wangu akajibu kwamba ni yeye, na haivuliki.

Mlio ule unatoka kwenye valvu bandia aliyowekewa mwaka 2018, akiwa na miaka 17. Mimi nilikuwa na miaka 22, mwaka wa tatu chuo kikuu, na mimi ndiye niliyemweleza mama kile alichokuwa anakisaini. Kwa miaka sita kila nilipokwenda nyumbani likizo nililala na mlio huo, nikijua kwamba sikumweleza chote.

Kilichomfikisha mdogo wangu kwenye kitanda cha upasuaji kilianza kooni. Tulikulia Korogwe, watu saba kwenye vyumba viwili, na mafindofindo yalizunguka nyumbani kama zamu ya kuosha vyombo: akipona huyu anaanza yule. Mama alikuwa na dawa zake, maji ya chumvi ya kusukutua, asali na limau. Mdogo wangu ndiye aliyeugua mara nyingi kuliko sote. Alipofika miaka minane jirani mmoja alishauri akatwe kimeo, na akakatwa, na mzee aliyejulikana mtaani kwa kazi hiyo. Namkumbuka akirudi ameshika kitambaa mdomoni, hasemi. Zahanati nako tulikwenda, si mara moja. Tulirudi na vidonge vya maumivu.

Akiwa na miaka tisa, wiki chache baada ya kuumwa koo kama siku zote, alipata homa na goti likavimba. Siku mbili baadaye goti lilipona, kikavimba kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Wengine walisema anakua tu. Wengine walisema ametupiwa kitu. Maumivu yalihamahama hivyo, kisha yakaisha yenyewe. Tukashukuru, tukasahau.

Leo najua kwamba ile ilikuwa homa ya rumatiki. Sehemu kubwa ya maumivu ya koo husababishwa na virusi na hupona bila dawa yoyote. Lakini mengine huletwa na bakteria aitwaye streptokokasi wa kundi A. Mwili hutengeneza kingamwili za kupambana naye, na kwa baadhi ya watoto, hasa wa kati ya miaka 5 na 15, kingamwili hizo hukosea adui, kwa sababu sehemu za bakteria huyo zinafanana na sehemu za mwili wenyewe. Hushambulia viungo, na viungo hupona. Hushambulia valvu za moyo pia, na hizo hubaki na makovu. Kila shambulio jipya huongeza kovu juu ya kovu. Dozi ya penisilini ya siku kumi, au sindano moja tu, ikitolewa mapema wakati koo linauma, huweza kuyazuia yote hayo. Watu zaidi ya milioni 40 duniani wanaishi na ugonjwa wa moyo uliotokana na homa hii. Ulaya na Marekani ulipungua sana katika karne ya 20, nyumba zilipoacha kufurika watu na penisilini ilipopatikana. Kwetu sisi nyumba bado zilikuwa zimefurika.

Mwaka 2017, akiwa kidato cha tatu, mdogo wangu alianza kuchoka. Shuleni walimwita mvivu. Alikuwa akisimama katikati ya kilima cha kwenda nyumbani anajifanya anafunga kamba za viatu. Usiku akawa hawezi kulala chali, anaweka mito mitatu, mwishowe anakaa kitako hadi alfajiri. Alitibiwa pumu kwa miezi minne. Kisha daktari mmoja kijana alimwekea stetoskopu kifuani, akanyamaza muda mrefu, akamwambia alalie ubavu wa kushoto, akasikiliza tena. Alipoinua kichwa alimuuliza mama swali ambalo hatukulitegemea: mtoto huyu aliwahi kuvimba magoti?

Kipimo cha eko kilionyesha jibu. Moyo una vyumba vinne na valvu nne, ambazo ni kama milango inayofunguka upande mmoja tu. Chumba cha juu cha kushoto hupokea damu kutoka mapafuni na kuipitisha kwenye mlango uitwao mitrali kwenda chumba cha chini, ambacho huisukuma mwilini. Jina hilo lilitokana na kofia ya askofu, kwa sababu Andreas Vesalius, mwanaanatomia wa karne ya 16, aliona vipande viwili vya valvu hiyo vinafanana nayo. Vipande vya mdogo wangu vilikuwa vimekakamaa na kushikana pembeni. Mlango haukufunguka vizuri na haukufunga vizuri. Damu ilikuwa inarudi nyuma na kujaa mapafuni, ndiyo maana akilala anakosa pumzi. Kupanua kwa puto kusingesaidia kwa sababu ulikuwa unavuja. Ulitakiwa mwingine.

Tulipokuwa wadogo, upasuaji wa moyo ulikuwa ni kitu cha kuchangishana ili mtu apelekwe India. Mambo yalikuwa yamebadilika. Mwaka 2015 ilianzishwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na watu wengi zaidi walianza kupasuliwa hapahapa nchini. Timu za madaktari wa nje nazo huja kwa wiki moja au mbili kufanya kazi na wenzao wa hapa. Mdogo wangu aliwekwa kwenye orodha ya timu moja ya namna hiyo, katika hospitali moja ya Dar es Salaam.

Jumanne tuliitwa chumba cha daktari. Tulikuwa mama, mdogo wangu na mimi. Daktari alikuwa mgeni, mtu mzima, mpole, hajui Kiswahili. Nesi aliyekuwa anamtafsiria aliitwa wodini dakika ya tano. Daktari akauliza kama kuna mwenye kujua Kiingereza. Mama akanielekeza kwa kidevu, na niliona uso wake ulivyojaa fahari. Mimi ndiye wa kwanza kwetu kufika chuo.

Daktari alieleza kwamba kuna valvu za aina mbili. Moja ni ya kutengenezwa kiwandani, kwa kaboni ngumu na metali. Inadumu, lakini damu hupenda kugandia juu yake, kwa hiyo mgonjwa atakunywa dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote. Nyingine hutengenezwa kwa tishu ya ng'ombe au nguruwe. Mwenye hiyo kwa kawaida hahitaji dawa ile daima, lakini kwa kijana inachakaa haraka, na baada ya miaka kumi au kumi na mitano huenda akafunguliwa kifua tena. Kisha akamtazama mdogo wangu, akarudisha macho kwangu, akasema sentensi moja zaidi. Alisema kwamba kwa msichana lazima tufikirie uzazi, kwa sababu dawa ile inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na kwamba mimba kwa mwenye valvu ya kiwandani ni ya hatari kwa mama mwenyewe.

Nikamgeukia mama. Nikasema: "Kuna ya chuma na kuna ya nyama ya ng'ombe. Ya chuma inadumu, ila atakunywa vidonge vya kulainisha damu maisha yote. Ya ng'ombe inachakaa, atapasuliwa tena."

Mama akauliza: "Ndiyo hayo tu?"

Nikasema: "Ndiyo hayo."

Akafikiri kidogo. "Basi ya chuma. Sisi hatuna uwezo wa kuja hapa mara mbili."

Akachukua kalamu. Mama anasaini polepole, herufi moja moja, jina lote. Daktari akanishukuru kwa msaada.

Nimejitafutia sababu nyingi tangu siku ile. Timu ilikuwa inaondoka Jumamosi. Nilimjua mama: angetaka kwanza kumpigia simu mjomba, mjomba angetaka kikao, na kikao kingekwisha ndege ya daktari ikiwa hewani. Nilizijua pia nyumba za kwetu zinavyomsema mwanamke asiyezaa. Niliogopa kwamba mtu mahali fulani angepima roho ya mdogo wangu na wajukuu ambao hawajazaliwa, akachelewa kuamua. Hizo ni sababu za kweli. Lakini zote zinamhusu mama na mjomba, wakati aliyekuwa anachaguliwa mwili alikaa kwenye kiti cha pili kutoka kwangu, na yeye sikumtazama.

Alipasuliwa Alhamisi, saa tano nzima. Moyo wake ulisimamishwa na mashine ikafanya kazi yake na ya mapafu, namna ambayo John Gibbon alifanikiwa nayo kwa mara ya kwanza huko Philadelphia mwaka 1953. Valvu yenyewe ina historia ya karibu hivyo: mwaka 1960, huko Oregon, daktari Albert Starr aliweka kwenye mitrali valvu aliyoibuni pamoja na mhandisi Lowell Edwards, kijimpira ndani ya kizimba kidogo. Ya mdogo wangu ina vibawa viwili vinavyofunguka na kufunga. Hivyo ndivyo vinavyolia. Siku ya tatu alilala chali, na mama alikaa pembeni akimwangalia akilala kana kwamba ni mchezo wa kuigiza.

Maisha ya baadaye yana hesabu zake. Kila wiki nne anachomwa sindano ya penisilini, inayouma kiasi kwamba siku hiyo anakaa upande mmoja, ili homa ile isirudi na kuharibu valvu zilizobaki. Kila jioni anameza warfarini. Kila mwezi anapimwa damu, na namba ya INR inaandikwa kwenye daftari lenye jalada la bluu. Ikiwa chini ya 2.5 damu inaweza kuganda kwenye valvu. Ikizidi 3.5 anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Mboga za majani zina vitamini K inayopunguza nguvu za dawa, na Korogwe usipokula kisamvu, mchicha au matembele utakula nini? Nesi alimwambia asiache, ila ale kiasi kilekile. Kwa hiyo anakula kisamvu kijiko kimoja kikubwa, wala si viwili.

Siku moja alisoma mtandaoni habari za dawa yake, akanipigia simu akicheka hadi akakohoa. "Dada, kumbe mnanilisha sumu ya panya." Ni kweli. Miaka ya 1920, ng'ombe huko Marekani na Kanada walikuwa wakivuja damu hadi kufa baada ya kula majani yaliyoota ukungu. Maabara ya Karl Paul Link katika Chuo Kikuu cha Wisconsin ilikigundua kilichokuwa kinawaua, na kutokana na hicho ikapatikana warfarini, iliyouzwa kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948. Miaka michache baadaye watu walianza kupewa, na mwaka 1955 Rais Eisenhower alikuwa mmoja wao. Nilicheka naye. Nilipokata simu nilikumbuka kwamba kuna ukurasa mwingine kuhusu dawa hiyo, na kwamba aliyeufikia wa sumu ya panya lazima aliufikia na huo.

Mwaka jana nilianza shahada ya uzamili ya tafsiri na ukalimani. Muhula wa kwanza tulifundishwa udondoshaji: mfasiri anaacha kitu kwa makusudi, kwa sababu hakina kazi katika lugha lengwa, au kitamchosha msomaji. Ni mbinu halali. Mwalimu akatuomba mifano ambapo udondoshaji umeleta madhara. Mwenzangu alitoa mfano wa mahakamani. Mwingine alitoa wa maandishi kwenye dawa za mimea. Mimi nilikuwa nao wangu, na niliandika tarehe juu ya karatasi mara tatu hadi kipindi kikaisha.

Kisha mwezi wa sita mama akapiga simu, sauti ikiwa juu kuliko kawaida. Mshenga alikuwa amekuja na barua ya posa. Kijana ni mwalimu wa shule ya msingi, ametulia, watu wake wanajulikana. Mama alizungumza kuhusu mahari, kisha kuhusu chumba cha uani ambacho kingefaa kwa mjukuu akija kulala. Nilimwambia nakuja. Nikapanda basi kesho yake.

Usiku ule nililala na mdogo wangu kitanda chetu cha siku zote. Taa ilipozimwa, mlio ukaanza kusikika. Nilimwambia, nikitazama dari, kwamba kuna kitu yule daktari alisema mwaka ule ambacho sikukitafsiri.

"Kuhusu mimba," akasema.

Sikujibu.

"Dada, nilikuwa kidato cha nne. Hilo neno limo kwenye kitabu cha baiolojia, sura nzima. Nilimsikia, nikakuona unaliruka."

"Mbona hukusema?"

Alinyamaza muda. "Nilikuwa siwezi hata kulala, dada. Nikasema liruke tu, nipone kwanza. Kisha nikakasirika. Nilikukasirikia kama mwaka mzima, wewe huna habari. Ulikuwa unaniletea vitenge."

Aliniambia kwamba yule kijana anajua kila kitu, alimwambia kabla hajapokea hata zawadi moja. Hata wazazi wa kijana wanajua. Kwa hiyo aliyekuwa amebaki ni mmoja tu, yule aliyesaini.

Tulimwambia asubuhi, jikoni, akiwa anachoma vitumbua vya kupeleka stendi. Niliongea mimi. Niliyasema yote kwa mpangilio ambao daktari aliusema, pamoja na sentensi ya mwisho. Mama aliendelea kugeuza vitumbua kimoja kimoja. Kimoja kiliungua, akakitoa akakiweka pembeni.

"Ningesaini," akasema. "Ningesaini hivyohivyo. Lakini ulinifanya nisaini kama mtu wa kutaja jina tu."

Aliondoka na beseni lake kwenda stendi. Hakunisemesha mchana kutwa. Jioni alimuuliza mdogo wangu, si mimi, kliniki ya moyo Dar es Salaam ni siku gani.

Tulikwenda watatu. Jina lilipoitwa nilisimama kuingia nao. Mdogo wangu akanigusa begani. "Utusubiri hapa, dada." Mlango ukafungwa. Nilikaa kwenye benchi kati ya mzee mwenye miguu iliyovimba na mama aliyebeba mtoto mwenye midomo ya bluu, nikatazama tangazo la bima ya afya hadi nikalijua kwa kichwa. Walikaa ndani dakika arobaini.

Walipotoka mama alikaa karibu nami. Kwa mara ya kwanza tangu jikoni alinigeukia, akaanza kunieleza, taratibu, kama mtu anayesoma barua.

"Daktari kasema haijakatazwa. Ila isije kwa bahati mbaya, ipangwe. Kabla hajaacha uzazi wa mpango, aje kwanza hapa apimwe moyo upya. Mimba ikiingia, ile miezi ya mwanzo wanaweza kumtoa kwenye vidonge wakamweka kwenye sindano za hepalini, kwa sababu hizo hazimfikii mtoto. Anachomwa kila siku, mara mbili, na damu inapimwa mara kwa mara. Baadaye vidonge vinarudi. Karibu na kujifungua sindano tena. Na azalie hospitali kubwa, si Korogwe."

"Hepalini," nikasema. "Na baada ya hapo?"

"Ndiyo hayo."

"Mama," mdogo wangu akasema. "Umeruka."

"Nimeruka nini?"

"Alichosema kuhusu mimi."

Mama akakunja khanga yake magotini, akaikunjua. "Nilikuwa nafika huko," akasema. Kisha akanitazama. "Kasema hata tukifuata yote, damu inaweza kuganda kwenye ule mlango, hasa wakati wa kubadilisha dawa. Kasema wapo wanaojifungua salama, na wapo wasiorudi nyumbani. Kasema asichukue jibu leo."

Hatukusema kitu kwa muda. Mdogo wangu alifungua daftari la bluu akaandika tarehe na namba ya siku ile: 2.8.

Hajaamua. Kijana amesema atasubiri, na kwamba watoto wa kulea wapo. Mama amesema wenye kuzungumza na wazungumze. Mimi nimeulizwa mara moja tu, nikajibu kwamba nitamsindikiza kliniki yoyote atakayokwenda, na nitasubiri kwenye benchi.

Kutoka pale hospitali tulikwenda kula kwa mama ntilie wa barabarani. Mdogo wangu aliagiza wali na maharage, akaomba na kisamvu. Mama ntilie akamjazia sahani. Akatoa kijiko kimoja kikubwa akakiweka upande wake, kilichobaki akanisogezea mimi.